Pazia la Jicho

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Maana ya msemo huu ni kwamba jicho la mwanadamu huona yote yapitayo mbele yake, ya halali kutazamwa na yasiyo halali, wala halingoji idhini ya mtu. Kope zipo, lakini kope hulilinda jicho na vumbi. Hazimlindi yule anayetazamwa. Mtu akipita mtoni akamkuta mkwewe anaoga, jicho huona kabla akili haijaamuru. Kisha adabu humgeuza shingo, akashika njia nyingine. Pazia la jicho, basi, halimo katika jicho lenyewe. Limo katika moyo wa mwenye jicho.

Kamera nayo ni jicho, lakini jicho la kuundwa. Mafundi walioiunda waliipa kitu ambacho jicho la kiumbe halina: waliipa pazia. Katika kamera ndogo za zamani palikuwa na vitambaa viwili vyeusi mbele ya mkanda. Kidole kilipobonyeza, kitambaa cha kwanza kilikimbia na nuru ikaingia, kisha cha pili kikakifuata na kuifunga. Sauti iliyosikika wakati picha inapigwa ilitokana na mwendo huo. Kila picha ya habari iliyopigwa kwa kamera ya namna ile ilipita mlangoni, na mlango ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa mpiga picha.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: Chombo cha mpiga picha wa habari kinapobadilika, je, dhima yake kwa mtu anayempiga picha hubadilika pamoja nacho? Wako wasemao kuwa kamera ni kama jembe. La mti au la chuma, shamba ni lile lile na wajibu wa mkulima ni ule ule. Wako wengine wanaolaumu vyombo vipya kwa kila utovu wa adabu tunaouona leo, wakasema kwamba zamani watu waliheshimiana kwa sababu kamera zilikuwa chache. Mimi nadhani kila upande umeshika nusu ya kweli, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwetu.

Sitalitafuta jibu mbali. Nitalitafuta Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, ambazo nimezizoea kwa safari za utafiti wa lugha na kwa udugu. Watu wengi hudhani kuwa nchi ile ni pembe ya Tanzania iliyosahauliwa. Walakini kamera za kila zama zimepita huko, na kila moja imeacha funzo lake.

Tuanze na kamera nzito. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wapiga picha wengi wa magazeti ya Ulaya na Marekani walibeba masanduku makubwa yaliyotumia sahani za kioo au vipande vya filamu. Iliyopata jina kuliko zote Marekani iliitwa Speed Graphic. Kipande chake cha filamu kilikuwa na upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 5, na kila picha ilihitaji kipande chake. Usiku balbu ya kumulika iliwaka mara moja tu, ikaungua, ikatupwa. Mtu aliyetoka nyumbani na vipande 12 alirudi na picha 12, wala hakuwa na njia ya kuzizidisha. Kwa hiyo alifikiri kabla ya kubonyeza. Zaidi ya hayo, hakuweza kujificha. Alipofika mahali watu walimwona yeye na sanduku lake, na aliyetaka kukataa alipata nafasi ya kukataa, na aliyetaka kufunga vifungo vya shati lake alivifunga.

Je, tuseme kwamba uzito wa kamera ile ulikuwa adabu yake? Nachingwea yatufundisha tusifanye haraka. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliletwa, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vyombo vya kung'olea miti. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikalazwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Januari 1951 Serikali ile ilitangaza kuuacha mpango wake, na hasara ilikuwa imefikia paundi milioni 36. Reli nayo haikuishi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Nimezitazama picha nyingi za mpango ule. Trekta linaonekana, msitu unaoanguka unaonekana, msimamizi mwenye kofia yake anaonekana. Mfanyakazi Mwafrika yumo pia, kifua wazi, amesimama wima kando ya gurudumu lililompita kimo. Katika picha nilizoziona mimi, msimamizi aghalabu ana jina chini ya picha, mfanyakazi hana. Hapana shaka mpiga picha aliomba ruhusa kabla ya kuisimamisha kamera yake. Lakini aliiomba kwa mwenye amri, hakuiomba kwa mwenye uso. Mfanyakazi alisimama kwa sababu aliambiwa asimame. Basi kamera nzito ilimlazimisha mpiga picha kuonekana, ila haikumlazimisha kuheshimu. Ilikuwa na pazia, na kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwa bwana shamba.

Wakati huo huo kamera nyingine ilikuwa imekwisha kuanza safari yake. Mwaka 1925, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, Ujerumani, watu walionyeshwa kamera ndogo iitwayo Leica. Aliyeibuni, Oskar Barnack, alichukua mkanda wa sinema wenye upana wa milimita 35 akautia katika kijisanduku kinachoenea mfukoni mwa koti. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Mwaka 1929 ilitokea Rolleiflex, yenye vioo viwili. Nataka msomaji aziweke kamera hizi mbili kando kwa kando. Mwenye Rolleiflex aliishika kifuani akainamisha kichwa kutazama chini, na anayepigwa picha aliuona uso wa mpigaji ukimwinamia. Mwenye Leica aliiweka jichoni, akatazama mbele kwa jicho moja, na uso wake ukafichika nyuma ya chombo. Hii ya pili ndiyo iliyoshinda, na baada yake ikaja Nikon F ya mwaka 1959, yenye mapazia ya chuma chembamba badala ya kitambaa, na lenzi ndefu zilizomwezesha mtu aliye mbali kumleta karibu mtu asiyejua kuwa analetwa.

Faida ya mabadiliko hayo ni kubwa, na ingekuwa dhuluma kuikanusha. Kamera ndogo ilimtoa mwandishi wa habari katika mikutano iliyopangwa ikampeleka barabarani, hospitalini na vitani. Wapiga picha mashuhuri wa Afrika Mashariki ni watoto wa zama hizo. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1935, alipigia picha majarida ya Time na Life, akauawa kwa risasi katika vita vya Biafra tarehe 2 Oktoba 1968. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya Box Brownie, kisanduku cha wanafunzi na wapenda burudani, kisha mwaka 1963 akafungua shirika lake la picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilitangazwa ulimwenguni, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko mjini Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na visiwa vya Komoro. Wenye njaa aliowapiga picha hawakuwa na nguvu ya kutoa idhini wala ya kuinyima. Nani atathubutu kusema kwamba angegeuza shingo akaondoka?

Lakini kamera ndogo ilileta shida ambayo ile nzito haikuwa nayo. Ilimpa mpiga picha uwezo wa kuchukua bila kuonekana, na mtu akichukua bila kuonekana, sharti ajiulize kama anachukua au anaiba. Kwa kamera kubwa swali hilo aliulizwa na wengine. Kwa kamera ndogo alibaki kujiuliza mwenyewe. Nafuu aliyoipata mpiga picha ililipiwa na mpigwa picha, aliyepoteza nafasi yake ya kukataa.

Turudi Nachingwea. Mwaka 1965 chama cha Frelimo, kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilipewa na Tanzania kambi ya mafunzo huko, mahali ambapo mpaka leo huitwa Farm 17, jina lililoachwa na mashamba ya karanga. Katika kambi ile, kwa miaka 10, vijana walifundishwa silaha, kusoma na kuandika, na siasa. Kamera zilikuwamo, za wageni waliokuja kuandika habari na za wapiganaji wenyewe. Huko, mtu mweusi alisimama nyuma ya kamera na mweusi mwenzake mbele yake, na wote wawili walijua picha ile ni ya nini. Ilikuwa ya kuuambia ulimwengu: Tupo, na tunajua tunachokifanya. Walioonekana walitaka kuonekana. Ukilinganisha na mfanyakazi wa karanga asiye na jina, utakiri kuwa huu ulikuwa ukombozi wa aina yake, na haukuletwa na lenzi mpya. Uliletwa na uhusiano mpya kati ya watu wawili.

Lakini ni kambi hiyo hiyo iliyoshuhudia jambo jingine. Mwaka 1975, Msumbiji ilipokuwa ikikaribia uhuru wake wa tarehe 25 Juni, Uria Simango, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Frelimo, na wenzake walioitwa wasaliti waliletwa Nachingwea mbele ya kadamnasi. Simango alisomeshwa maungamo marefu. Baadaye yeye na wengine kadhaa waliuawa bila kupelekwa mbele ya mahakama yoyote. Zipo picha za wafungwa wale. Siwezi kuzitazama bila kufikiri juu ya yule aliyeshika kamera. Chombo chake kilikuwa chepesi na kizuri. Angeweza kusogea, angeweza kuchagua. Lakini watu waliokuwa mbele yake hawakuwa na pa kugeuzia nyuso zao, na waliokuwa nyuma yake walitaka nyuso zile zionekane zimeshindwa. Hapo kamera iligeuka sehemu ya adhabu.

Na bado jambo hili lina upande wa pili, ambao sina budi kuusema kwa haki. Picha zilizopigwa ili kuwaaibisha watu wale sasa ni ushahidi wao. Zinathibitisha kwamba walikuwa hai, kwamba walikuwa mikononi mwa watu wanaojulikana, mahali panapojulikana. Picha huishi kuliko nia ya aliyeipiga. Ndiyo sababu siwezi kukubali kanuni nyepesi isemayo kwamba picha ya mtu asiyeridhia isipigwe kamwe. Kosa la Nachingwea mwaka 1975 halikuwa kwamba picha ilikuwapo. Lilikuwa kwamba picha ilikula njama na mwenye nguvu dhidi ya asiye na nguvu.

Sasa tuje katika zama zetu. Mwaka 1991 kampuni ya Kodak iliuza kamera ya kwanza ya dijitali kwa wapiga picha wa habari, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon. Picha yake ilikuwa na nukta milioni 1.3 tu. Mwaka 1999 ilikuja Nikon D1, na baada ya miaka michache mkanda ulianza kutoweka katika vyumba vya habari. Mara nyingi husemwa kuwa hasara ya mabadiliko hayo ni wingi wa picha. Nadhani hasara kubwa zaidi ni kupotea kwa muda.

Fikiri juu ya mpiga picha aliyetumwa Nachingwea katika miaka ya 1980. Amepiga mkanda wake. Anasubiri gari. Wakati wa masika barabara ya kusini imekatika. Wakati wa kiangazi anafika Mto Rufiji akangoja kivuko, kwa maana Daraja la Mkapa halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Anaingia Dar es Salaam akiwa mwekundu kwa vumbi. Mkanda unapelekwa katika chumba cha giza kusafishwa. Fundi anaziona picha, mhariri anaziona, mhariri mkuu huenda akaziona. Katika safari hiyo ndefu watu wasiopungua watatu walipata nafasi ya kusema: Hii hapana. Mhariri angeweza kuuliza, Je, jamaa zake wamekwisha kupata habari? Muda ule, tuliouona kuwa adha, ulikuwa pazia la pili. Hakuna aliyeubuni kwa ajili ya adabu. Uliletwa na matope na mto. Ulipoondoka, hatukuona kwamba umeondoka na kitu.

Kisha kamera ikaingia katika simu. Mwaka 2013 gazeti moja kubwa la Chicago liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote, watu 28, likawafundisha waandishi wake kupiga picha kwa simu. Huko kwetu hakuna aliyehitaji kufundishwa. Ruangwa ya leo, pamoja na lami yake, korosho na ufuta wake, na uwanja ambamo timu ya Namungo hucheza ligi kuu, ni mji wa simu kama mji mwingine wowote. Hata ardhi yake ina sehemu katika habari hii, kwani imehifadhi madini ya kinywe, na kinywe ni miongoni mwa vitu vinavyotengenezea betri za simu na kamera hizi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Ruangwa wakati wa msimu wa korosho. Asubuhi moja kijana mwendesha pikipiki aligongana na lori nje ya mji, akafa pale pale. Kabla jua halijapanda, picha yake ilikuwa katika simu yangu. Iliingia katika kundi la simu ambalo nilikuwa mmoja wa wanachama wake, na aliyeituma hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa mpita njia. Nami, bila kufikiri hata kwa muda wa kuvuta pumzi, niliipeleka kwa mtu niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ni mwandishi wa habari, nikauliza: Hii mmeipata? Nilidhani nafanya kazi ya raia mwema.

Kijana yule alikuwa wa jirani wa wenyeji wangu. Jioni nilikwenda msibani. Mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake. Nilipomsogelea na kumwambia, "Pole sana, mama," aliitikia, "Nimekwisha kupoa, Mwalimu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wazee walikuja kunipa habari. Wakabisha hodi, wakakaa, wakaanza kunizungushia maneno kama ilivyo desturi, ili moyo usipasuke. Nami nilikuwa nimekwisha kumwona mwanangu katika simu ya mtoto wa shule. Niliwaacha wamalize. Niliwahurumia."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba picha ile ilipita mikononi mwangu pia. Ninaisema hapa kwa kuwa sikuisema pale. Niliifuta siku ile ile, lakini kuifuta katika simu yangu hakukuifuta popote pengine, na kuona haya si kutubu. Nimefikiri mara nyingi juu ya wazee wale. Katika nchi zetu habari ya kifo haitupwi, hubebwa. Huchaguliwa mtu wa kuibeba, naye huchagua saa, na huchagua neno la kwanza. Kazi hiyo ilikuwa ya mwandishi wa habari kabla ya kuwapo magazeti, na ilikuwa na maadili yake makali. Siku ile kamera iliyo nyepesi kuliko zote iliitangulia miguu ya wazee, na aliyelipa gharama ya wepesi wake ni mama.

Kwa hiyo nawajibu wale wasemao kwamba kamera ni kama jembe. Si kweli kwamba chombo hakibadilishi kitu. Kila kamera mpya imempunguzia mpiga picha gharama: kwanza uzito, kisha kuonekana, kisha hesabu ya mikanda, kisha muda wa safari. Na kila gharama iliyoondoka kwake haikupotea, bali ilihamia kwa anayepigwa picha, ambaye kwanza alipoteza nafasi ya kujiandaa, kisha nafasi ya kukataa, na mwisho hata nafasi ya wazazi wake kuambiwa kwa upole. Dhima ya mpiga picha, basi, imekua kadiri mzigo wake ulivyopungua. Yale ambayo zamani alizuiwa na vitu, leo sharti ajizuie kwa hiari.

Na wale wanaozililia kamera za zamani nawajibu kwa mfanyakazi wa karanga. Pazia lililokuwapo halikumfaa yeye. Lilifungwa na kufunguliwa kwa matakwa ya wengine. Tukirudisha masanduku mazito leo, tutawarudisha na wasimamizi wenye kofia, waamue nani aonekane na kwa sura gani. Hilo si adabu.

Yamkini msomaji ataniuliza: Ikiwa mpiga picha ajizuie, nani atawafichua waovu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi, mwandishi wa habari wa televisheni ya Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa mikononi mwa polisi alipokuwa kazini. Mpiga picha mwenzake alikuwa karibu, naye alibonyeza. Picha ya Mwangosi akiwa amezingirwa na askari ilichapishwa, na nchi ikaona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Picha ile haikuombewa ruhusa kwa wale askari, wala haikustahili kuombewa. Laiti mpiga picha angegeuza shingo kwa adabu, adabu ile ingekuwa woga.

Tofauti kati ya Nyololo na Ruangwa ni nini, hali zote mbili ni picha za kifo? Nadhani ni hii. Nyololo kamera ilimtazama mwenye nguvu akitenda. Ruangwa ilimtazama asiye na nguvu akiwa ametendewa na ajali, na hapakuwa na mtenda uovu wa kufichuliwa wala mwenye njaa wa kulishwa. Mwenye nguvu anayetenda hadharani, au anayeficha tendo ambalo raia wana haki ya kulijua, hana dai la pazia. Mnyonge katika uchungu wake ana dai hilo, hata kama hawezi kulitamka. Korem ya mwaka 1984 iko katikati, na huko ilimpasa mpiga picha kupima kama picha ile ingewasaidia waliomo au ingewatumia tu. Hakuna kamera iwezayo kupima hivyo. Mizani hiyo imo katika mtu.

Waswahili husema kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, kwa kuwa kazi yake haiwezekani bila kuona. Lakini hupewa kazi hiyo kwa sababu watu wanaamini kuwa kati ya aliyoyaona atajua ya kusema na ya kuzika. Akiona alama ya kisu ubavuni mwa maiti, atasema, na akinyamaza ni mshiriki wa muuaji. Akiona kilema ambacho marehemu alikificha maisha yake yote, atanyamaza, na akisema ni mtu duni. Mpiga picha wa habari ni mwosha wa jamii. Na katika zama ambazo kila mwenye simu ni mpiga picha, sisi sote tumeingizwa katika chumba cha kuoshea bila kufundishwa kazi.

Mwaka 2021 kampuni ile ile ya Nikon ilitoa kamera ya wapiga picha wa habari iitwayo Z9. Yaweza kupiga hadi picha 120 kwa sekunde moja, zaidi ya mikanda mitatu ya Leica. Wala haina pazia. Vitambaa vya Barnack na vyuma vya mwaka 1959 vimeondolewa kabisa. Nuru huingia wakati wote, na umeme ndio unaochagua. Ikitakiwa kunyamaza, hunyamaza, na anayepigwa picha hasikii kitu.

Basi kamera, baada ya safari ya karibu miaka 100 tangu Leipzig, imekuwa kama jicho la kiumbe: haina pazia tena. Wahenga walikwisha kutuambia pazia la jicho liwekwe wapi. Walisema pia kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, na msemo huo hawakuuambia kipofu tu. Kijana wa leo wa Nachingwea au Ruangwa anayeinunua simu yake ya kwanza ananunua chombo ambacho Ramrakha hakukiota. Tumweleze bei yake yote: nusu huilipa dukani kwa fedha, na nusu ya pili huilipa kila mara anapotaka kubonyeza, kwa kumfikiria mama aliyekaa juu ya mkeka, ambaye wazee bado wako njiani kumwendea.